Msemaji Hamwachi Kabaza Mlangoni

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata ile ya arusi yangu, mwanangu. Ni siku ambayo wazee wa Kirundi walisimama mbele yangu hapa hapa kambini Dzaleka, wakakunja viti vyao, wakaondoka, wakatuacha mimi na ndugu zangu tukitazamana na chupa za Fanta ambazo hakuna aliyezifungua. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa mahari, na nilikuwa nimeharibu kila kitu kabla chai haijapoa. Nitakusimulia, ila uniache niende kwa mwendo wangu. Kama una haraka, nenda urudi kesho.

Juzi ulikuja ukakaa kwenye benchi hilo hilo, ukafunga laptop yako, ukaniambia umekwisha. Umevuka arobaini, ukasema, na hii mashine wanayoiita akili bandia inaandika kwa kufumba na kufumbua programu ambayo wewe ungeiandika juma zima. Wateja wako wa ng'ambo wameanza kukupa zikomo nyingi, asante tupu, na kazi kidogo. Unataka kuuza laptop, ufungue kibanda cha sabuni na kuchaji watu simu. Mimi nikacheka, nawe ukakasirika. Samahani, mwanangu. Sikukucheka wewe. Niliona sura yangu mwenyewe imekaa kwenye benchi langu.

Sisi wa Bukavu tuna kasoro yetu: mtu akipata diploma anaivaa hata kwenda chooni. Mimi nilikuwa na diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, na vita viliponileta huku nilikuja nayo ndani ya soksi. Mungu si Athumani, nikapata kazi Lilongwe, katika ofisi ndogo ya programu za kompyuta. Mwenye ofisi alikuwa Mmalawi, Bwana Mbewe, mtu wa maneno machache. Niliandika programu za maduka ya jumla: bidhaa iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki kwenye rafu. Toka mtaa wa Area 18 mpaka ule wa Biwi kulikuwa na wenye maduka wasioijua sura yangu, lakini kila asubuhi walifungua kazi ya mikono yangu. Nilijivuna, na sioni kwa nini nikufiche.

Kisha zikaja simu za kugusa. Pamoja nazo akaja Chikondi, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, mwembamba, mcheshi, vidole havitulii. Jambo nililolifikiria toka asubuhi, yeye alilimaliza kabla ya nsima, ugali wa huku, ya mchana, na alikuwa anapiga mluzi. Wateja walianza kusema hawataki tena kompyuta kubwa ya mezani, wanataka kitu cha mfukoni. Siku moja nikapita dukani Biwi kumsalimu mteja wangu wa zamani. Nikaikuta ile kompyuta niliyomfungia, imezimwa, juu yake wameweka sinia la mandasi. Mwenye duka akanikaribisha kwa furaha, akanipa mandasi moja ya bure. Niliila, mwanangu, lakini haikushuka.

Hapo ndipo nilipoanza mbio. Nilijifunza lugha mpya za kompyuta zote kwa mpigo, kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma kwa pande zote mbili. Nikaacha kula na wenzangu ofisini. Nilitafuna mkate mbele ya kioo cha kompyuta. Nikaacha pia kuuliza maswali, maana niliona anayeuliza ndiye mzee, na mzee ndiye anayetolewa. Bwana Mbewe alipotaka jambo, nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Jioni mke wangu, Mama Aline, alinitazama akatikisa kichwa.

“Papa Aline, uko unakimbizana na batoto,” akaniambia. “Siku bakikushinda, utasema nani njo alikuroga?”

Ofisini ilikuwa imepatikana kazi kubwa, programu ya simu kwa chama cha akina mama wanaouza maharage na karanga kule Area 23. Bwana Mbewe alishasema kwamba kazi hiyo ndiyo itakayoamua nani anabaki ofisini na nani anakwenda. Hakutaja jina langu. Hakuwa na haja. Nikikosa hiyo, nilikuwa narudi kambini na diploma yangu, nikae nje ya nyumba nihesabu kuku wa jirani.

Ni katika siku hizo familia iliponiita. Dieudonné, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa amempenda Consolate, binti wa Kirundi wa hapa kambini, mwimbaji wa kwaya. Wakanichagua niwe msemaji. Unajua mila yetu na yao: baba hajisemei, hata bwana arusi hajisemei. Anasema mtu mzima mmoja kila upande, na wengine wote wanafunga midomo, hata kama anayoyasema yanawachoma. Nilidhani wamenichagua kwa sababu ya shule. Nikapanga mambo kichwani kama ninavyopanga programu, hatua kwa hatua, bila kupoteza muda. Nilitaka kurudi Lilongwe mchana ule ule nikaendelee kukimbizana na Chikondi. Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo watoto wa hapa wananitania nalo. Nilipofika kwenye nyumba ya Consolate, nilimwambia kijana wa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, asiondoke. Nikamwambia angoje na baiskeli yake pale pale mlangoni.

Ndani tulipokelewa vizuri. Msemaji wao alikuwa Mzee Mathias, mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Akaanza kama inavyoanza siku zote.

“Karibuni. Tunaona bantu wengi, tena bamevaa vizuri. Mumetoka wapi? Njia ilikuwa namna gani? Ni kifo ao ni heri?”

Wewe unajua jibu linalotakiwa. Unasema tumetoka mbali, tumepotea njia, tumeona moshi wa nyumba yenu tukafuata. Naye atasema hapa hakuna kitu, ni maharage tu. Mtazunguka hivyo mpaka watu wacheke, mpaka wakwe wajuane tabia. Nje, kijana wa kabaza akapiga kengele. Nami, mwanangu, nikasema hivi: “Mzee, njia ilikuwa nzuri. Tumekuja juu ya Consolate. Sisi wote tunajua. Mutuambie mahari munataka nini, tumalize.”

Kengele ya kabaza ikalia tena, na sauti ya kijana ikaita kwa Chichewa, “Bambo, tiyeni!” Yaani, baba, twende. Mzee Mathias akatazama mlango, akanitazama mimi, akasimama taratibu. Wenzake wakasimama. Viti vikakunjwa. Dieudonné alikuwa ameinamisha kichwa karibu na magoti, na niliona mabega yake yanatetemeka. Sijapata kuona aibu kubwa kama ile, wala siku tuliyovuka mpaka na watoto wachanga na masufuria.

Sikurudi Lilongwe siku ile. Mama Aline alinishika mkono kama mtoto wa shule, tukachukua kreti ya Fanta, tukaenda kwa Mzee Mathias kuomba radhi. Tulimkuta nyuma ya nyumba anapura maharage. Hakuacha kupura. Tukasimama juani mpaka alipomaliza, akakung'uta koti, akatuonyesha gogo la kukalia.

“Papa Aline,” akasema, “unafikiri mi sikujua binti yetu iko wapi? Alikuwa nyuma ya pazia, miguu yake naiona. Unafikiri sikujua mahari? Bamama balishapatana zamani, kwenye bomba la maji. Sasa kwa nini nauliza?”

“Sijui, Mzee.”

“Nauliza ili siku batagombana, nijue nani ya kuita. Nauliza nione nani anakasirika upesi, nani anasema uwongo, nani anaficha kitu. Ndoa haivunjike mahali bantu banatazama. Inavunjika mahali hawakuuliza.” Akachagua kijiwe katika maharage akakitupa. “Kama ni kusema haraka, wangetuma kijana. Kijana anatushinda wote. Balikutuma we juu ya hizo mvi. Na we umeziweka mfukoni, umekuja kwangu na kabaza.”

Mwanangu, nililia. Sikulilia mahari. Nililia kwa sababu mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikuwa ameniambia kwa nini nilikuwa sipati usingizi. Nilikuwa nikificha kile pekee ambacho Chikondi hana, ili nishindane naye kwa kile ambacho yeye anacho tele. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi ukingo nilikuwa nauona.

Mzee Mathias alikubali Fanta, na kwa kukubali Fanta alikuwa amekubali turudi. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa miguu. Tulizunguka asubuhi nzima. Tulipotea njia, tukaona moshi, tukaambiwa hapa ni maharage tu, tukasema sisi ni wapenzi wa maharage. Watu walicheka hadi wakajifuta machozi. Nami, kila nilipotaka kukimbilia mwisho, nilijiuliza: mahali gani hatujauliza? Ndipo nikasema, “Wazee wangu, binti huyu akitoka kwenye mlango huu, nani anabaki nyuma yake? Ao kuna nani alipaswa kusafiri naye?”

Baba yake Consolate akainama. Kumbe familia yao ilikuwa imeshaitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, na Consolate alihesabiwa humo kama mtoto wa nyumba. Akiolewa kimya kimya, ama angeachwa nyuma, ama safari ya wote ingeharibika. Baba aliogopa kusema, tusije tukadhani anaringa au anakataa. Dieudonné alijua, lakini mapenzi yalikuwa yamemfunga mdomo. Basi tukakubaliana pale pale: kwanza vijana na wazazi waende pamoja ofisi ya wakimbizi wakaseme ukweli, arusi itangoja. Ilingoja sana, hata Dieudonné akakonda. Leo yeye na Consolate wananitumia picha kutoka nchi ya baridi, watoto wamevaa makoti mpaka hawaonekani nyuso.

Mzee Mathias hakunisifu. Alinimiminia Fanta kwenye glasi, akajaza mpaka juu.

Jumatatu nikarudi ofisini. Siku hiyo hiyo akina mama wa Area 23 walikuja kuangalia programu yao. Mwenyekiti wao aliitwa Mayi Chisomo, mayi ni mama kwa Chichewa, mnene, mchangamfu, anacheka kabla ya kusalimu. Chikondi alikuwa amekaribia kumaliza. Akaonyesha kwenye simu, kila kitu kinang'aa, ukigusa hapa gunia linaingia, ukigusa pale linatoka. Wote wakasema ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Bwana Mbewe akanitazama kuona kama nina la kusema. Niliogopa, maana anayeuliza ndiye mzee. Kisha nikaikumbuka kengele ya kabaza.

“Mayi,” nikasema, “njia ya kuja ilikuwa namna gani?”

Chikondi akacheka kidogo. Lakini Mayi Chisomo aliketi vizuri akaanza kueleza njia, na ndani ya njia akaeleza soko, na ndani ya soko akaeleza wenzake. Nikamwacha azunguke. Alipopumzika nikamuuliza, “Na hii simu, usiku inalala kwa nani?”

Wakacheka wote, kwa kuwa lilikuwa swali la kijinga. Simu ni ya chama, wakasema. Leo iko kwa mwenyekiti, kesho iko kwa anayekaa sokoni, keshokutwa inakwenda kijijini na anayenunua maharage. Sasa programu ya Chikondi ilimjua mtu mmoja tu, mwenye namba moja ya siri. Nikaona kalamu ya Chikondi imesimama hewani.

“Na siku mkibishana juu ya gunia,” nikauliza, “mtajuaje ni nani aliyeliandika? Mtamwita nani?”

Hapo kicheko kiliisha. Akina mama wakatazamana. Mmoja wao, aliyekuwa hajasema neno toka waingie, akaeleza kwamba chama chao cha kwanza kilikufa kwa ajili ya gunia moja la karanga, na dada wawili wa tumbo moja hawasalimiani mpaka leo. Tukakaa nao hadi jua likageuka. Wakatuambia mambo ambayo hawakuyasema mwanzoni, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Wao walidhani tunajua, nasi tulidhani tunajua.

Chikondi hakununa. Alibadilisha kazi yake, kila mama akawa na namba yake ya siri ndani ya simu ile ile moja, na alifanya hivyo kwa siku chache tu. Mimi ningehitaji mwezi na nusu. Tulipokuwa tunakula nsima mchana, mara yangu ya kwanza kukaa naye kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole, “Bambo, mbona hukuniuliza mambo haya toka mwanzo?” Swali hilo lilinichoma kuliko mandasi ya Biwi. Nikamwambia ukweli: nilikuwa nakimbizana nawe. Akashangaa. Alisema yeye alidhani simpendi.

Bwana Mbewe hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kuanzia sasa mimi nitatangulia kwa wateja, na Chikondi atafuata. Meza yangu ikahamishwa kutoka dirishani ikaletwa karibu na mlango, wanapoingilia wageni. Sitakudanganya, niliumia. Kuandika programu kwa mikono yangu mwenyewe kulikuwa furaha yangu, na furaha hiyo ilipungua, haikurudi yote. Ninaikosa hata sasa. Lakini nilibaki kwenye kazi, nikafanya kazi hiyo mpaka tulipoambiwa sisi wakimbizi wote turudi kambini, na hata leo simu hii inalia: ni Chikondi, mwenye ofisi yake sasa na kitambi chake, ananiomba nizungumze na mteja kabla hajaanza kazi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana chai inaisha. Laptop usiuze. Hiyo mashine inayokutisha, jifunze kuitumia, na ujifunze vizuri. Anayekataa jembe jipya kwa sababu ya mazoea atalima kwa kucha. Ila usishindane nayo kwa mbio. Iwe Chikondi wako. Wewe mwambie ifanye nini, kisha kagua ilichofanya, maana nayo inasema ndiyo kabla hujamaliza sentensi, na mimi najua ugonjwa huo. Haijui simu inalala kwa nani. Haijawahi kukaa na dada wawili wasiosalimiana. Wewe umeona kazi zikivunjika, umeona mtandao ukikatika siku ya soko, umeona wateja wakisema nzuri huku macho yanasema hapana. Hayo usiyaweke mfukoni. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko ndio watoto wanaougombania.

Na vijana usiwachukie. Kula nao. Waulize, nao watakuuliza. Kuuliza si ujinga, hata uwe na diploma ndefu kama mkeka. Utahama dirishani, labda. Utaumia, na kuumia si kufa.

Mzee Mathias tulimzika hapa hapa Dzaleka, Warundi na Wakongo tukibeba jeneza pamoja. Tangu hapo, kila panapoposwa, wananifuata mimi. Lakini magoti yangu yamechoka, na kupotea njia kwa kusemasema kunataka pumzi. Jumamosi hii vijana wetu wanakwenda kuposa kule mtaa wa Lisungwi. Nimeshawaambia kwamba msemaji ni wewe. Usinikatalie. Umevuka arobaini, na ndiyo sababu.

Mungu wa baba zetu, aliyetuvusha ziwa na mipaka, akupe masikio kabla ya ulimi. Mvi zako ziwe taa kwa wanaokufuata. Kazi ya mikono yako ikibadilika, baraka yake isibadilike. Na Jumamosi ukifika kwenye mlango wa watu, mwanangu, mlipe kabaza wako, umwambie aende zake.